Mahali pa Kitanda cha Mwanawetu

Mbuchi
4 Machi 1991

Shemeji Mtoro,

Nakusalimu mie na nyumba yangu yote. Tu wazima. Mpunga umesimama vizuri, isipokuwa kipande cha kule chini ambacho kiboko alikipita kama njia ya kwao. Mke wangu Salima mguu wake umepoa, anakusalimu. Huseni wa boti kapata mtoto wa kiume, ndiyo maana safari za Nyamisati zilisimama wiki nzima na barua hii imechelewa kabla haijaondoka.

Jambo lenyewe limekaa hapa barazani, linapepeta mchele wangu na kuniambia una mawe.

Mkeo, dada yangu Mwanawetu, kafika Jumamosi kabla boti haijasimama, kichwani kikapu, kwapani mkeka. Tulipomwona anashuka tulidhani kaleta habari ya msiba. Nikamuuliza, "Mwanawetu, kuna nini Kibiti?" Akajibu, "Kuna kila kitu, kaka. Ndiyo maana nimeondoka."

Anavyoeleza ni kwamba miaka yote kavumilia makopo, chupa, magunia na magazeti yaliyojaa chumba cha nyuma. Kwamba paa la chumba hicho lilipoanza kuvuja, ulihamisha sanduku moja kubwa ukalileta chumba cha kulala. Kitanda chake cha mninga ukakifungua vipande vipande ukakiegemeza ukutani. Sanduku likalala mahali pa kitanda na mkeo akalala sakafuni, mwezi mzima. Kasema hatarudi mpaka kitanda kisimame mahali pake, kitandikwe, na mtu aweze kukizunguka pande zote bila kukanyaga debe.

Shemeji, mie nampenda dada yangu, lakini nampenda zaidi akiwa kwako. Hapa keshapanga upya jiko la Salima mara mbili. Kofia yangu ya shamba kaitia moto, ati ilikuwa na wadudu. Wale wadudu nilikuwa nawafahamu.

Na wewe, mtu mzima, uliyekuwa mtunza ghala wa ushirika na balozi wa nyumba kumi, makopo unayawekea nini? Zama za foleni zimekwisha. Siku hizi kila kitu ruksa. Nasikia huko Kibiti mna sabuni za rangi tano. Tupa takataka hizo uje umchukue mkeo.

Wako, Mwinyimvua

*

Kibiti
2 Aprili 1991

Shemeji Mwinyimvua,

Barua yako ilifika imelowa lakini ilisomeka. Hongera kwa Huseni. Huku barabara imekatika upande wa mtoni, mabasi ya Lindi yamelala hapa na abiria wamemaliza mihogo yote ya sokoni. Jirani yangu Swalehe amefungua duka la pili mkabala na lile la kwanza, anashindana na yeye mwenyewe. Anasema huo ndio uchumi wa kisasa. Pole kwa kofia.

Umeniuliza habari za makopo. Sanduku umelitaja, lakini lina nini hukuuliza. Nami sielezi.

Mimi si mgonjwa. Naanza na hilo kwa sababu utasikia vingine. Mwezi uliopita nilikatwa mguuni, nikaenda kituo cha afya. Aliyenihudumia ni nesi Elinipendo, mtu wa Same, mgeni hapa.

"Mzee, umekatwa na nini?"

"Kopo."

"Shambani?"

"Chumbani."

"Chumbani lilikuwa linafanya nini?"

"Lilikuwa pamoja na wenzake."

Alimaliza kufunga kidonda, akanifuata mpaka nyumbani. Alisimama mlangoni, maana ndipo palipokuwa na nafasi.

Nesi huyu alipelekwa semina ya wiki moja Morogoro. Akarudi na cheti, mkoba wa turubai na ujuzi unaoitwa ushauri nasaha, yaani kumtibu mtu kwa kuongea naye. Ujuzi huo uliletwa kwa ajili ya ugonjwa huu mpya wa Ukimwi. Akapewa chumba chenye viti viwili, na mlangoni pakaandikwa kwa herufi kubwa kazi ya chumba hicho. Mlango unatazamana na soko, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuingia. Wafadhili nao wanadai taarifa ya wagonjwa. Mimi ndiye mgonjwa wa kwanza. Soko zima limeniona nikiingia, na limekwisha kunihurumia. Wauza machungwa hawataki kunipa mkono, lakini machungwa wananipa.

Maradhi yangu anayaita kulimbikiza. Tiba yake ni hii: kila Jumatano nachagua kitu kimoja nyumbani, nakwenda nacho, namweleza kilikotoka, najisikiaje nikikishika na nitajisikiaje kikiondoka. Kisha naamua mwenyewe. Hakuna kunyang'anywa.

Jumatano ya kwanza nilipeleka mche wa sabuni.

"Huu wa lini, mzee?"

"Wa themanini na tatu."

"Wa nani?"

"Wa mtu."

"Mtu gani?"

"Mwenyewe."

Akaandika. Nilimwomba anisomee. Ameandika: Mgonjwa anakana kuwa vitu vyake ni vyake. Akanieleza kwamba kwenye semina walifundishwa kuwa kukana ndiyo hatua ya kwanza, na akafurahi kuiona kwa macho.

Mwambie Mwanawetu nimeanza matibabu. Mwambie pia napika mwenyewe, na sipendi ninachopika.

Shemeji yako, Mtoro

*

Mbuchi
9 Mei 1991

Shemeji mgonjwa,

Sisi wazima ila maji yamepanda, tunakwenda msikitini kwa mtumbwi. Kiboko karudi. Salima anakusalimu, na anauliza mkeo atakaa mpaka lini. Kaniomba niulize kama vile ni mie ninayeuliza.

Barua yako tumecheka nayo. Kuongea ni dawa? Ingekuwa hivyo, hapa Mbuchi pasingebaki hata mwenye mafua. Sisi tungekuwa hospitali ya mkoa.

Ujue kwamba barua zako Huseni humpa Mwanawetu. Anazisoma yeye kwanza, kisha ananisomea mie, kama vile ni mimi niliyeikimbia elimu ya watu wazima. Pale pa kupika alisoma mara mbili. Kisha akasema, "Kumbe anaweza kukaa kitini akaongea na mtu wa Same juu ya mche wa sabuni. Mimi miaka ishirini na minne alikuwa ananinyamazia nini?" Nikamwambia mie sijui, mie si nesi.

Sharti lake halijabadilika: kitanda mahali pake. Mashuka kasema ataleta mwenyewe.

Nami nina swali dogo, la kupita tu. Huyo nesi anakwenda kitu kwa kitu mpaka vyote viishe? Anaandika? Anapoandika, karatasi zinakwenda wapi? Nauliza kwa sababu vitu vingine havina maana ya kuongelewa. Mtu anaweza kupona bila kuvigusa.

Mwinyimvua

*

Kibiti
3 Juni 1991

Shemeji Mwinyimvua,

Barua hii nimempa Huseni mkononi, akupe shambani na si nyumbani. Sote wazima. Nitaandika wazi mara moja, sitarudia.

Mwaka wa operesheni ya walanguzi, watu wa nyumba zangu kumi walishikwa na hofu. Mwenye miche mitatu ya sabuni alikuwa mhujumu uchumi. Wapo waliotupa mali chooni. Wengine walikumbuka kwamba nyumba ya balozi haipekuliwi, wakaniletea: sabuni, betri, tairi za baiskeli, majora ya kitambaa. Nilipokea. Hofu ikaisha, bidhaa zikarudi madukani, na hakuna aliyekuja kuchukua chake, maana kuja kuchukua ni kusema kwamba ulificha. Hao leo ndio wenye maduka. Wakipita kwangu wanatikisa kichwa na kuwaambia wageni kwamba mzee yule anakusanya takataka. Huwa nawaitikia salamu.

Wewe uliniletea sanduku. Ndani mna mashine ya boti ya ushirika wa wavuvi wa Mbuchi. Uliinunua kwa mlango wa nyuma ulipokuwa katibu wao, haina karatasi. Operesheni ilipoanza uliwaambia wenzako imezama. Sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo. Lakini mashine iliyotengenezwa kukaa majini haivumilii paa linalovuja, na kwangu pakavu ni chumba cha kulala tu. Mwanawetu alipouliza nilimwambia ni mali ya ofisi. Nesi alipouliza nilimwambia ni la mtu. Sitamwambia yeyote zaidi ya hapo. Wewe unaweza kulichukua. Ukilichukua, mke wangu anarudi.

Kuhusu matibabu. Jumatano iliyopita nilipeleka kipande cha kitambaa cha marekani.

"Na hiki ni cha mtu, mzee?"

"Hiki changu."

Alishtuka kidogo, akaweka kalamu chini. Nikamweleza. Mama yangu alifariki mwaka themanini na mbili, na maduka yote toka hapa mpaka Ikwiriri hayakuwa na kitambaa cha sanda. Kilipatikana kwa kibali cha kata. Karani wa kibali alikuwa mkutanoni. Mama alilala nasi ndani mpaka siku ya pili alasiri, wakati wachimba kaburi wanakwenda na kurudi kuuliza. Mwanawetu alitaka tumzike na kanga zake mbili. Nilikataa, nikasema karani atarudi.

Nesi aliuliza kama niliwahi kumsimulia mtu habari hiyo. Nikasema hapana, kila mtu alikuwepo.

"Lakini leo maduka yamejaa marekani, mzee wangu. Unangoja nini?"

"Karani aende mkutanoni tena."

Tulicheka wote wawili. Niliporudi nyumbani nilitoa makopo, chupa na magazeti, vyote vyangu, nikavimwaga shimoni. Kwa hiyo maongezi yanafanya kazi, shemeji. Nakuarifu kama jambo lililotokea.

Shida iliyobaki ni vya watu. Soko limepata habari kwamba napeleka kitu kimoja kimoja kueleza kilikotoka. Juzi Swalehe alikuja na mfuko wa sukari.

"Balozi, haya maongezi yenu yamefika wapi?"

"Kwenye marekani."

"Sabuni mmeshamaliza?"

"Tuliigusa kidogo tu."

"Iacheni hapohapo. Sabuni haina hadithi."

Aliacha sukari. Baada yake wamekuja wengine, mmoja na mchele, mmoja na mafuta, mmoja na feni, na umeme sina. Sikuomba, na kumrudishia mtu zawadi yake mlangoni ni kumtukana. Chumba kilichopungua kwa maongezi kimeanza kujaa kwa sababu ya maongezi. Nesi alipokuja kuangalia maendeleo alisimama tena mlangoni.

Nangoja jibu lako. Mtoro

*

Mbuchi
14 Julai 1991

Shemeji,

Sote wazima. Mavuno si haba. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye tope, kisha nikaitia kwenye moto wa kufukuzia mbu.

Nakushukuru kwa kulitunza jambo letu. Sasa nisikilize na mimi.

Haiwezekani. Pale niliposema imezama pana jina. Panaitwa Kwa Mashine. Watoto waliozaliwa baadaye wanadhani ndilo jina la pale tangu enzi za mababu. Kila mwaka maji yakipungua wavuvi wanapiga dua pale, wanapika wali, na mie kwa kuwa nilikuwa katibu ndiye ninayetangulia kuitikia amina. Mwaka juzi nililia. Sikukusudia, moshi uliingia machoni, lakini walioniona waliguswa. Leo nishuke na mashine kutoka Kibiti, imefungwa kwenye majani makavu, niwaambie nini?

Tena kuna wafadhili wa uvuvi. Wameahidi mashine mpya kwa ushirika uliopoteza yake kwa ajali. Barua ya maombi niliiandika mimi, na mwenyekiti kaisifia.

Ushauri wangu ni huu. Mwambie nesi sanduku ni lako. Sikitika kidogo, akuandikie umepona. Halafu kitanda kiweke juu ya sanduku. Mwanawetu si mrefu lakini kupanda anajua.

Habari ya sanda nilimsimulia Mwanawetu, nikasema nimeisikia kwa Huseni. Alichukua sufuria iliyokwisha kuoshwa akaiosha. Baadaye akauliza, "Alisema na habari ya kanga zangu?" Nikasema alisema. Ila kwa kitanda bado msimamo wake ni uleule.

Mwinyimvua

*

Kibiti
20 Agosti 1991

Shemeji Mwinyimvua,

Nimepokea. Huku wote wazima, korosho zimeanza kutoa maua na walanguzi wamekwisha kuja kuzitazama, ingawa siku hizi wanaitwa wanunuzi binafsi na wanakaribishwa chai ofisini.

Kitanda hakiwekwi juu ya sanduku. Nilipima. Mtu akikaa anagonga boriti.

Vya watu vimekwisha, na nitakueleza namna vilivyokwisha, maana nesi ameomba nisimweleze mtu wa hapa.

Alipoona vitu vinaongezeka aliniuliza kwa utulivu, "Mzee, hivi vyote ni vya watu, sivyo?"

"Ndivyo."

"Na hutanitajia."

"Sitakutajia."

Akafungua mkoba wake wa turubai, akapekua makaratasi ya semina, akayarudisha. "Hili hawakutufundisha," akasema. "Basi usinitajie. Ijumaa baada ya swala vitoe vyote uani. Mimi nitakuja, tutaingia ndani, tutafunga mlango na madirisha, na tutaongea. Lango la uani liache wazi."

Tukafanya hivyo. Niliwaomba vijana wa msikitini wakanisaidia kutoa. Tukapanga sabuni, betri, tairi, majora, na zawadi mpya upande wake. Nesi akatangaza pale uani kwa sauti ya kusikika mpaka dukani kwa Swalehe kwamba mgonjwa anaingia kwenye maongezi marefu na asisumbuliwe. Ndani tuliongea habari za Same. Kwao maji hugawanywa kwa zamu na watu huchukiana kwa sababu hiyo, nami nikamwambia kwetu maji hatugawani, yanatufuata majumbani. Nje tulisikia nyayo, toroli moja, na watu wawili wakibishana kwa kunong'ona juu ya tairi. Mmoja alisema, "Yangu ilikuwa na kiraka." Mwenzake akamwambia, "Ishike basi, lakini hatujaonana."

Tulipofungua mlango ua ulikuwa mtupu. Sukari ya Swalehe nayo imeondoka. Birika langu limeondoka pia, na pampu ya baiskeli ya nesi. Sikuona haja ya kuulizia.

Wiki iliyofuata walikuja wafadhili wawili wakapiga picha chumba cha nyuma kikiwa kitupu. Mmoja aliuliza, kwa mkalimani, ninajisikiaje. Nikasema najisikia kuna nafasi. Waliandika wote wawili.

Lakini kwenye chumba cha kulala sanduku liko palepale, kwa kuwa mwenyewe yuko Mbuchi. Nesi amelihesabu kama mabaki ya ugonjwa. Ameandika kwamba nimepona isipokuwa hapo, na hapo ndipo mahali pa kitanda. Ningeweza kumwondolea wasiwasi kwa sentensi moja. Ningeweza kumrudisha mke wangu kwa sentensi hiyohiyo. Si yangu kuisema. Ni yako.

Mtoro

*

Mbuchi
5 Septemba 1991, haraka

Shemeji,

Sina nafasi ya salamu. Watu wa boti wameleta habari kwamba uani kwako ni kweupe. Mwanawetu kasikia akiwa kisimani. Karudi, kafunga mkeka, yuko kando ya maji sasa hivi anamngoja Huseni. Kasema anakwenda kutazama kwa macho yake, asiporidhika anarudi na boti ileile.

Lifunike lile. Weka nguo juu, weka Kurani juu ya nguo, hatagusa. Au mwambie ni la nesi.

Barua hii nampa Huseni aikimbize kwako kabla dada yangu hajafika.

M.

*

Kibiti
12 Septemba 1991

Shemeji Mwinyimvua,

Sisi hatujambo, na safari hii nasema sisi.

Barua yako ya haraka imefika. Huseni aliona abiria wake anakuja hukuhuku, akampa yeye ailete. Mwanawetu alinikabidhi mlangoni. "Ya kaka yangu," akasema. "Imefungwa, sijaifungua. Nikiwa kwenye boti niliifikiria, nikaona mtu asiyependa kuandika akiandika mbio hivi, ana lake." Hakuketi, alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akakitazama, akapita kidole ukutani.

"Vilivyokuwepo vimekwenda wapi?"

"Kwa wenyewe."

"Wenyewe nani?"

"Wenyewe."

Akaingia chumba cha kulala. Nesi Elinipendo alikuwepo kwa ziara yake, amekaa juu ya sanduku, maana ndicho kiti kilichobaki. Mwanawetu alimsalimu, akamwomba ainuke, akaenda jikoni akarudi na panga. Misumari ilikuwa na kutu, ilitoka bila ubishi. Aliondoa majani makavu kwa mikono. Maandishi kwenye mashine ni ya rangi nyeupe na bado yanasomeka: WAVUVI MBUCHI.

"Hii si ndiyo iliyozama?"

Nilianza kuokota misumari.

"Mtoro. Hii ndiyo niliyoipikia wali wa dua. Juzi nimepepeta mchele wake."

Nesi, ambaye hakuelewa kitu lakini ni mtu wa kazi yake, akamuuliza, "Mama, unajisikiaje?"

"Najisikia nataka wanaume wanne wenye nguvu."

Wakapatikana. Swalehe alitoa lori bila kuombwa. Amekuwa mwepesi sana kusaidia chochote kinachotoka katika nyumba hii.

Walipokuwa wanalibeba Mwanawetu aliniuliza, "Miaka minane ungeshindwa kusema neno moja?"

"Halikuwa langu."

"Na mgongo wangu uliolala chini ulikuwa wa nani?"

Nesi hakuliandika hilo. Tulishika vipande vya kitanda mimi na Mwanawetu, tukakiunganisha. Mti mmoja wa ubavuni umejipinda kwa kuegemea ukuta, kwa hiyo upande wangu unalia nikigeuka. Alitandika mashuka aliyokuja nayo. Kisha akakizunguka, pande zote, polepole, mimi nikiwa nyuma yake.

Kanga mbili alizotaka kumzikia mama bado anazo. Alinionyesha. Tuliongea, bila nesi.

Sanduku liko Nyamisati na Huseni atakuletea. Mwanawetu ndiye aliyelielekeza. Nilimshauri aandike jina lako juu, akasema halina haja, jina la wenyewe limeshaandikwa.

Mtoro

*

Mbuchi
30 Oktoba 1991

Shemeji Mtoro,

Salamu kwako na kwa dada yangu. Mie mzima wa mwili. Kiboko yupo, naye mzima.

Sanduku lilishuka mchana, watu wote wakiwa ufukweni wanangoja bei ya kamba waliowavua. Liko wazi, kifuniko hakina misumari, maandishi yanatazama juu. Nilijua nimekwisha. Nikajitayarisha kusema. Niliyapanga maneno tangu barua yako ilipofika, na yalikuwa maneno mazuri.

Hakuna aliyeniuliza. Mwenyekiti alisoma yale maandishi, akainua macho akatazama mkondo wa Kwa Mashine, akayarudisha kwenye sanduku. Kijana mmoja akatia petroli kidogo, akavuta kamba ya kuwashia. Mara ya tatu mashine ikalia, safi, kama jana. Mwenyekiti akamwambia, "Izime upesi."

Mkutano ukaitishwa palepale. Mwenyekiti kasema wafadhili wanaleta mashine mpya baada ya mwaka kuisha, kwa ajili ya ushirika uliopoteza yake. Ushirika wenye mashine haupewi. Mzee mmoja kasema na dua je, tumepiga dua bure? Wakakubaliana kwamba mashine haijaonekana. Kura zilikuwa zote, na mie nilinyoosha mkono. Ikabaki swali la mahali pa kuiweka, pakavu, kwa mtu asiye na maneno mengi, mpaka wafadhili waje na waondoke. Wakanitazama. Nikasema kwangu hakuna nafasi. Mwenyekiti akasema, "Si dada yako kesharudi kwa mumewe?"

Chumba alichokuwa analala Mwanawetu kinavuja, shemeji. Nilikuwa nimepanga kukiezeka. Kwangu pakavu ni chumba chetu cha kulala tu. Jana jioni wameleta sanduku, tukafungua kitanda chetu, tumekiegemeza ukutani.

Salima alisimama mlangoni akatuangalia mpaka tukamaliza. Asubuhi hii kafunga mkeka wake na yuko kando ya maji, na barua hii anakuja nayo yeye. Nilimuuliza anakwenda kwa nani. Kasema anakwenda kwa wifi yake Kibiti, huko siku hizi kuna nafasi.

Mwinyimvua